Rushwa ya uchaguzi na mpiga kura

Rushwa ya uchaguzi ni fedha, bidhaa au karamu ambayo mgombea au wapambe wake humpa mpiga kura ili ampigie, au asiende kituoni kabisa. Barani Afrika huja kama sukari, sabuni, khanga, pilau au noti iliyokunjwa wakati wa kupeana mikono. Ni kosa kudhani kwamba kila apokeaye ameuza kura. Wengi hupokea, kisha wakachagua wamtakaye, kwa kuwa kura ni siri.

Uganda ndiko hili lilikoonekana wazi. Kabla ya uchaguzi wa 2016 asasi za kiraia ziliitisha mikutano ya vijiji na kuwaomba watu wakatae zawadi kwa pamoja, au wakipokea, wapige kura kwa dhamiri. Watafiti waliofuatilia, akiwamo Christopher Blattman, waligundua kuwa zawadi hazikupungua sana, lakini kura ziliwahama wagombea wenye fedha waliokuwa madarakani zikaenda kwa wapinzani wao. Wito wa kukataa haukufua dafu. Wa kula na kuchagua kwa dhamiri ulisikika. São Tomé na Príncipe mwaka 2006 mambo yalikwenda kinyume. Utafiti wa Pedro Vicente ulionyesha kuwa kampeni ya kupinga rushwa ilipunguza waliojitokeza kupiga kura na kuwanufaisha waliokuwa madarakani. Huko fedha ndiyo iliyokuwa ikiwatoa watu nyumbani, na wapinzani ndio walioitegemea zaidi.

Kwa Kenya, mtafiti Eric Kramon ameeleza kwamba zawadi humpa mpiga kura fununu ya uwezo wa mgombea. Mkono mtupu huonekana dalili ya udhaifu. Ndiyo maana mgombea asiye na kitu huumia hata pale kura haziuzwi. Tanzania ilihalalisha takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, kwa marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000. Mahakama Kuu iliibatilisha mwaka 2006, ikiona kwamba inawabagua wagombea wasio na uwezo, na uamuzi huo ulikuwa wa haki.

Ujanja wa kupokea na kuchagua utakavyo hufa siri inapovunjwa. Nchini Nigeria wanunuzi walidai kuonyeshwa karatasi iliyokwisha kupigwa alama, au picha yake kwenye simu, kabla ya kulipa. Tume ya uchaguzi ikapiga marufuku kutumia simu ndani ya kituturi cha kupigia kura.