Mashini zilizokula pori letu, na mikono iliyozilisha

Katika siku za yubile tumezoea kuhesabu. Tunahesabu wabatizwa, ndoa, na wana wa parokia walioitwa na Mungu. Ni vema. Lakini yubile, katika kitabu cha Walawi, sura ya 25, ilikuwa kwanza mwaka wa kuiacha ardhi ipumzike, na kila mtu kurudishiwa haki yake. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa kukumbusha habari ya pori linalouzunguka mji wetu wa Lubumbashi, na ya mashini zilizoishi kwa miti yake.

Chombo cha kwanza kilikuwa shoka. Baada yake misioni zilileta msumeno mrefu wa watu wawili. Gogo liliwekwa juu ya shimo. Mtu mmoja alisimama juu yake, mwenzake alishuka shimoni, nao wakavuta kwa zamu, unga wa mbao ukimwangukia yule wa chini machoni. Miti ya kwetu ni migumu: mulombwa, mupapa, mubanga. Ubao mmoja uligharimu jasho jingi, wala mtu hakukata mti bila kufikiri.

Mambo yaligeuka reli ilipofika kutoka kusini mwaka 1910, ndio mwaka wa kuanzishwa kwa mji, ulioitwa wakati ule Elisabethville. Wabenediktini walifika mwaka ule ule, na Wasalesiani wakawafuata mwaka 1911. Mwaka huo wa 1911 tanuru ya Union Minière ilitoa shaba yake ya kwanza. Tanuru ilipata makaa yake ya mawe kutoka Wankie, ambako leo kunaitwa Hwange, nchini Zimbabwe. Lakini magari ya moshi ya Katanga yaliwashwa kwa kuni. Miti ilikatwa kandokando ya njia, ikapangwa marundo marundo, na lokomotivu ikasimama kupakia chakula chake kabla ya kuendelea na safari. Hivi ndivyo pori lilivyobeba shaba: kila tani iliyoteremka kwenda pwani ilisukumwa na moto wa miti yetu.

Mashini za mvuke hazikukaa juu ya reli tu. Mwaka 1915, wakati wa vita kuu ya kwanza, Waingereza walitaka kuwapiga Wajerumani waliotawala Ziwa Tanganyika. Walileta mashua mbili za moteri, Mimi na Toutou, kwa meli mpaka Cape Town, kisha kwa treni mpaka kwetu. Reli ilikuwa imefika Fungurume tu. Kutoka hapo mpaka Sankisia, ambako kulikuwa na kipande kingine cha reli kuelekea Bukama, kulikuwa pori na milima ya Mitumba. Basi zikaletwa mashini mbili za mvuke za kukokota, zenye magurudumu makubwa ya chuma, zisizohitaji reli. Ziliondoka Fungurume katikati ya Agosti, zikafika Sankisia mwishoni mwa Septemba. Karibu wiki 6 zilipita katika njia ile.

Wenye kusimulia safari hiyo husifu mashini na kamanda wao, Spicer-Simson. Lakini tuangalie jinsi kazi yenyewe ilivyokwenda. Mashini haikuweza kupita mahali ambapo mtu hajatangulia na shoka. Wanaume walikata miti, wakang'oa visiki, wakajenga madaraja zaidi ya 100 kwa magogo. Kuni za kuwashia zilikatwa na kupangwa njiani kwa mikono. Ulikuwa mwisho wa kiangazi, vijito vimekauka, na mashini ina kiu kubwa. Wanawake wakabeba maji vichwani kutoka mbali ili mvuke usikatike. Mahali penye mteremko mkali ng'ombe na watu walivuta kamba. Tarehe 26 Desemba 1915 mashua hizo ziliteka meli ya Kijerumani iliyoitwa Kingani. Jina la meli limeandikwa. La mama aliyebeba maji halikuandikwa.

Biblia haikufanya hivyo kabisa. Kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 5, kinaeleza jinsi Solomoni alivyopata mierezi ya Lebanoni kwa nyumba ya Bwana. Kinahesabu hata watu: 30,000 walipelekwa Lebanoni kwa zamu, 10,000 kila mwezi, tena wachukuzi wa mizigo walikuwa 70,000. Aliyebeba alihesabiwa pamoja na jengo alilolibebea. Nasi tungepaswa kufanya vivyo hivyo.

Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na Ilebo mwaka 1928. Kisha chakula cha mashini kikabadilika. Mto Lufira ulikuwa umefungwa Mwadingusha mwaka 1930, na Lualaba ukafungwa Nzilo mwaka 1952. Mwaka huo wa 1952 treni za umeme zilianza kati ya Likasi na Tenke. Maji yakachukua kazi ya kuni, na mtu angeweza kusema: sasa pori limepona.

Halikupona. Treni iliacha kula miti, lakini jiko la mama halikuacha. Nyaya za umeme wa mabwawa hupita juu ya nyumba nyingi ambamo chakula hupikwa kwa makala. Kila alfajiri baiskeli huingia mjini zimelemewa magunia, na anayezisukuma hutoka mbali kuliko baba yake alivyotoka. Msumeno wa moteri nao umeingia. Mukula, mti wenye utomvu mwekundu, ulikatwa sana kwa ajili ya biashara ya ng'ambo, hata mwaka 2019 mataifa yakauweka chini ya ulinzi wa mapatano ya CITES. Hatumlaumu mchoma makala. Anatafuta karo ya watoto. Lakini tukinyamaza, wajukuu wetu watapika kwa nini?

Liko tumaini, nalo limo ndani ya pori lenyewe. Kisiki cha muputu hakifi upesi; huchipua tena kikiachwa. Adui yake ni moto wa mwisho wa kiangazi. Huko Ndola, ng'ambo ya mpaka wetu, majaribio yaliyoanza mwaka 1933 yalionyesha kwamba moto wa kila mwaka wa wakati huo humaliza miti, bali mahali palipokingwa na moto pori hurudi. Ardhi ikipewa pumziko hujirudishia uhai. Walawi walikwisha kutuambia.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili katika yubile hii. Kila jumuiya ndogo ichague kipande cha pori au shamba, ikilinde na moto na shoka kwa miaka, siyo kwa siku moja ya picha. Tena wazee wetu ambao baba au mama zao walikata kuni za treni, walibeba maji au walivuta msumeno, walete majina yao kwa makatekista, yasomwe katika Misa ya marehemu wote. Mashini zile zimekuwa kutu. Waliozilisha ni watu wa Mungu, na Eklezya haiwasahau wafu wake.