Wakara walivyoulisha mchanga wao

Ndugu mkulima, kila msimu ukikaribia naulizwa swali lile lile: "Bwana shamba, ardhi imechoka na mbolea ya dukani siiwezi, nifanyeje?" Leo, kabla ya vipimo, nikupeleke Ukara, kisiwa kidogo kaskazini ya Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria.

Udongo wa Ukara ni kichanga kilichotokana na mawe ya granaiti. Watu wengi, ardhi ndogo, na shamba likichoka hakuna pa kuhamia. Kwa hiyo Wakara walililisha. Mwaka 1936 Thornton na Rounce walichapisha maelezo ya kilimo hicho, nao walikikuta tayari kipo. Hakuna bwana shamba aliyekipeleka.

Ng'ombe walifungwa ndani ya nyumba, kwenye shimo lililochimbwa sakafuni. Waliletewa malisho humo na kutandikiwa majani, kinyesi na mkojo vikachanganyika pamoja bila kuoshwa na mvua wala kukaushwa na jua. Sasa angalia zizi lako la wazi: mkojo unaopotea pale una naitrojeni, ile ile unayoifuata dukani. Samadi ilibebwa hadi shambani. Tena katikati ya uwele walipanda marejea, yakaendelea kukua uwele ukishavunwa, kisha yakafukiwa. Njugu mawe nazo zilikuwa kwenye mzunguko.

Wakara waliohamia bara, ambako mapori yalikuwa mengi, wengi waliiacha kazi hii. Hawakuisahau. Waliona hailipi kubeba samadi wakati shamba jipya lipo. Ndiyo maana sikulaumu ukiniambia baba yako hakuweka samadi na alivuna. Baba yako alikuwa na pori la kuhamia. Wewe umegawana eka zake na ndugu zako.

Anza na zizi: liezeke, tandika majani makavu, ongeza kila yanapolowa. Marejea yapande kati ya mistari ya mahindi baada ya palizi, uyafukie yanapoanza kutoa maua, kabla mashina hayajakomaa. Mifugo usiwalishe ovyo, baadhi ya aina zina sumu.

Na wewe mwenye duka kijijini, weka kilo chache za mbegu ya marejea kabla ya mvua. Watu wanakuja kuiulizia kwangu, na mimi siuzi.