Kumbukumbu na Hifadhi

Neno kumbukumbu, lenye asili moja na kitenzi kukumbuka, hubeba maana mbili zilizo jirani: uwezo wa akili kushika jambo, na maandishi yanayowekwa yasipotee, kama kumbukumbu za kikao. Huko Fumba, ambako mpango wa Silicon Zanzibar uliozinduliwa mwaka 2022 umekusudia kukusanya kampuni za teknolojia, upana huo unaweza kumgharimu mhariri wa video, kwani anayeagiza “kumbukumbu kubwa” huenda akaletewa diski, yaani hifadhi ya kudumu, ilhali alichokosa ni ramu, nafasi ya muda inayoshika kazi inapotendwa na kufutika umeme unapozimwa.

Athari ya mkanganyiko huo ni kubwa zaidi katika kusawazisha rangi, yaani kurekebisha mwanga, vivuli na uzito wa rangi ili picha za tukio moja zilingane. Fremu moja ya 4K, yenye pikseli 3,840 kwa 2,160, ikikokotolewa kwa biti 32 katika kila moja ya rangi tatu za msingi, huchukua takriban megabaiti 100, na sekunde moja ya fremu 25 hufikia gigabaiti 2.5. Programu ya DaVinci Resolve huitwika kadi ya michoro sehemu kubwa ya mzigo huo, na kadi hiyo ina kumbukumbu yake yenyewe, ambayo kwa kawaida haiongezeki baada ya kununuliwa. Inafaa, basi, neno kumbukumbu libakie kwa nafasi ya muda na hifadhi litumike kwa diski, na agizo la mhariri litaje kwanza kumbukumbu ya kadi.