Kofia kuukuu, si chakavu

Jumamosi nilichambua mitumba katika soko la Karume, Ilala, nikapata pama ya kijivu. Ukingo umelegea kidogo mbele, utepe umefifia, na pale juu panaposhikwa na vidole pameingia bonde. Muuzaji akaniambia, “Chukua kaka, hiyo chakavu nakupunguzia.” Nikainunua, lakini neno lake sikulikubali.

Chakavu ni kitu kilicholika, kinachongoja kutupwa. Kofia yangu ni kuukuu. Najua kamusi huyaweka maneno haya karibu karibu, ila wahenga waliposema ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa, waliusifu ukuukuu. Sijasikia mtu akiusifu uchakavu. Kilicho kikuukuu kimetumika hadi kikamjua mtumiaji. Manyoya ya sungura yaliyoshindiliwa yakawa kofia hulainika yakipata mvuke, yakashika umbo la mkono unaoyakunja. Miaka ya jasho na mvua hufanya kazi hiyo hiyo, polepole, na hakuna kiwanda kinachoiiga vizuri.

Majina ya kofia hii nayo yamesafiri. Chepeo, neno letu la kofia ya ukingo, limetoka kwa Wareno. Fedora, jina lake jingine, ni la binti wa kifalme katika tamthilia ya Victorien Sardou ya mwaka 1882, aliyeigizwa na Sarah Bernhardt. Kwa hiyo kofia tunayoiona ya wazee wa kiume ilianza na jina la mwanamke.

Mimi naiita pama kuukuu. Utepe sitaubadilisha.