Maskati na Unguja: Safari ya Pepo Mbili

Baina ya Maskati na Unguja, kwa mstari ulionyooka angani, pana kilomita 3,900 hivi. Ndege iendayo moja kwa moja huzimaliza kwa saa tano na ushei. Jahazi halikuujua mstari huo: lilifuata pwani ya Uarabuni, likapita Pembe ya Afrika, likateremka na mwambao hadi Lamu, Mombasa na Unguja, safari iliyozidi maili 2,000 za bahari. Upepo ukiwa mwema, nahodha alitia nanga baada ya wiki tatu au nne.

Hata hivyo, siku za baharini hazitoshi kuupima umbali huo. Upepo wa kaskazi huvuma tangu Novemba au Desemba hadi Machi. Wa kusi hushika Aprili. Aliyeingia Unguja Januari hakuwa na njia ya kurudi kwa tanga mpaka upepo ugeuke. Katika kungoja huko tende na papa mkavu viliuzwa, boriti na karafuu zikanunuliwa. Na wako mabaharia waliooa, wakazaa, wakaacha nyumba mbili katika bandari mbili. Umbali ule ule uliomtenga mtu na kwao ndio uliompa ujamaa ugenini.

Dola nayo iliegemea pepo hizo. Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala miji yote miwili, alifariki tarehe 19 Oktoba 1856 ndani ya merikebu yake Victoria, karibu na Shelisheli, akirejea Unguja. Wanawe, Thuwaini wa Maskati na Majid wa Unguja, wakagombea urithi. Mwaka 1861 hukumu ya Lord Canning ilizitenga nchi hizo mbili, na Unguja ikatakiwa kuilipa Maskati reale 40,000 kila mwaka.

Wako pia wasafiri ambao safari yao haikuwa na marejeo. Watumwa waliopelekwa Uarabuni walichukuliwa na kusi. Kaskazi ya kuwarudisha haikuwangojea. Mkataba wa 1873 ulipiga marufuku biashara hiyo baharini na kulifunga soko la Unguja, lakini haukuwarejesha waliokwisha kuvuka.

Wakati huo meli za moshi zilikwisha kuanza safari za kila mwezi baina ya Aden na Unguja, tangu 1872, bila ya kungoja upepo. Karne iliyofuata ikaleta ndege, na pia mfarakano: baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wengi wenye asili ya Omani waliihama Unguja, na tangu Sultan Qaboos ashike utawala mwaka 1970, wengi miongoni mwao walikwenda kuishi Omani. Walikwenda na Kiswahili chao, nacho kingali kikisemwa majumbani Maskati. Lugha hiyo haikufika huko kwa wepesi wa safari ya saa tano. Ilitokana na karne za watu waliokaa pamoja wakingoja upepo, hata wengine wasiondoke tena.