Zailazini katika ng'ombe

Dawa ya kutuliza wanyama, iliyoundwa na kampuni ya Bayer ya Ujerumani mwaka 1962. Huko Fort Ternan, ambako miinuko ya chai ya Kericho inashuka kuelekea mashamba ya miwa ya Koru na Muhoroni, ni miongoni mwa dawa ambazo daktari wa mifugo anaweza kuchagua anapoitwa kukata pembe au kwato za ng'ombe wa maziwa.

Ng'ombe huzidiwa nayo upesi. Kwa kila kilo ya uzito, farasi huhitaji takriban mara kumi ya kipimo cha ng'ombe, hivyo sindano iliyopimwa kwa farasi inaweza kumuua ng'ombe. Ni rahisi kulilaumu ini kwa kuchelewa kuivunja dawa, lakini ini halina kosa. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1981 vilionyesha kwamba dawa hupungua nusu katika mwili wa ng'ombe kwa dakika 36 hivi, na wa farasi kwa dakika 50. Inaelekea tofauti iko kwenye vipokezi vya neva.

Vimeng'enya vya ini huivunja karibu yote. Dawa inayotoka kwenye mkojo ikiwa bado nzima haifiki asilimia 1. Mabaki huyeyuka majini, hivyo mengi hutolewa na figo, na mengine hutoka na kinyesi. Baada ya sindano ng'ombe hukojoa sana; dawa pia hupunguza insulini na sukari hupanda kwenye damu. Mkojo huo mwingi usichukuliwe kuwa mwili umeshajisafisha.

Baki moja, dimethilianilini, lilisababisha saratani ya pua kwa panya wa maabara. Marekani haijaidhinisha zailazini kwa ng'ombe. Kwingineko huruhusiwa kwa masharti. Ng'ombe akishasimama na kula, mfugaji huona mambo yamekwisha, ingawa mabaki bado yanatoka. Maziwa yenye antibaotiki hukataa kuganda, na mama wa Kikipsigis anayetengeneza mursik, maziwa ya kuganda ya kibuyuni, hugundua. Zailazini si antibaotiki, kwa hiyo kibuyu hakitamwambia kitu. Itambidi amuulize daktari aliyedunga ni lini maziwa yatafaa.

Dawa za kuzindua, kama tolazolini, huibandua zailazini kwenye vipokezi tu; kuivunja na kuitoa hubaki kazi ya ini na figo. Tolazolini nayo huacha mabaki yake, kwa hiyo ikitumika, siku za kusubiri huhesabiwa kwa dawa mbili.