Kilembe: Nuru Iliyokwanguliwa Gizani

Jua likizama Misiera, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, taa ndogo za sola huwaka nyumba baada ya nyumba. Ndani ya kila waya mna uzi wa shaba, na uzi huo hunipeleka mbali: nje ya Nakivale, nipite Mbarara, nivuke mfereji wa Kazinga hadi Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori.

Shaba ilianza kuchimbwa pale mwaka 1956, reli ilipofika Kasese. Wachimbaji waliingia mlimani na taa kofiani. Kila mtu alikuwa na nuru ya hatua chache tu mbele yake. Mawe yalisagwa, makinikia yakapakiwa treni hadi Jinja, yakayeyushwa kwa umeme wa Owen Falls, bwawa lililofunguliwa 1954.

Nuru hiyo ndogo ndani ya giza hunikumbusha Richard Earlom, mchapaji picha wa Uingereza. Mwaka 1773 alichapa picha ya karakana ya mfua chuma, akifuata mchoro ambao Joseph Wright wa Derby, Uingereza, aliuchora mwaka uliotangulia. Njia yake ilihitaji bamba la metali laini, kwa kawaida shaba. Bamba hukwaruzwa lote kwa chombo chenye meno, hata likipakwa wino litoe weusi mtupu. Ndipo fundi hukwangua na kulainisha kidogo kidogo, na palipolainika wino haushiki. Giza ndilo hutangulia. Nuru hutolewa kwa mkono. Kwangu mimi, huo ni uchimbaji hasa.

Katika picha ile nuru yote inatoka kwenye chuma kilichoiva moto. Mwenye karakana amekunja mikono, uso unang'aa, mkewe na watoto wakiwa karibu. Anayekishika chuma chenyewe ametugeuzia mgongo, ni kivuli.

Huyo ndiye ninayemtafuta Kilembe. Historia ya machimbo hutaja mtaji wa Kanada, reli, tani, na mwaka 1982 kazi iliposimama. Wachimbaji hutajwa kwa jumla, kama idadi. Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika ukaharibu nyumba za bondeni na hospitali ya Kilembe, na miongoni mwa walioumia walikuwa watu wa mji uliojengwa kwa ajili ya machimbo hayo.

Kila nikiitazama picha ya Earlom, simtazami tena mwenye karakana. Jicho huenda kwenye ule mgongo mweusi, na mwanga unaompita ubavuni.